Mzee Milimita: Miaka Thelathini na Moja Chini ya Magari ya Watu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, fundi wetu wa mabomba ya moshi atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Uongozi umeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, kwa sababu eti mimi ndiye ninayemfahamu kuliko wote. Ni kweli. Dirisha la stoo linatazamana na meza yake ya kazi, na kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kuinua macho bila kumwona akitikisa kichwa juu ya kitu nilichompa. Nimeombwa niandike maneno mazuri. Nitajaribu, ingawa leo ni Jumatatu na gari langu bado halina bomba la maana.

Hilo la gari nitalieleza. Kwanza kazi yake, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Alianza kwa kufagia shimo la kukagulia magari na kumwaga oili chafu. Fundi wa mabomba wa wakati huo alimpa waya siku moja, akamwambia aingie chini ya gari aupinde kufuata njia ya moshi, kutoka kwenye injini hadi nyuma. Alitoka na waya uliopindwa sawasawa na chini ya gari lile, kona kwa kona. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio, na wanaomfahamu watakubali kwamba inaonekana.

Hadi leo ndivyo anavyofanya. Anaingia na waya, anatoka na umbo la gari, kisha anaupinda mrija mpya kwenye mashine huku akiulinganisha na waya ule. Akimaliza hautupi. Anaufunga kitambaa chenye maandishi na kuutundika msumarini, na ukuta wote wa upande wa stoo yangu sasa ni waya, zaidi ya mia tatu. Vitambaa havina namba ya gari wala jina la mtu. Vimeandikwa Mama Pacha, Mwalimu wa Honi, Yule wa Benki Mwenye Haraka. Kwa miaka kumi na tano nimeuomba ukuta ule niweke rafu, na kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikipita nimeinama ili nisitobolewe jicho na Mwalimu wa Honi.

Jina la Mzee Milimita alipewa na mafundi wenzake. Humwambia msaidizi apunguze milimita moja, kisha milimita nyingine, halafu humwuliza ile ya kwanza ameipeleka wapi. Amefundisha mafundi sita hapa. Wote sita ni hodari, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuchomelea mbele yake bila jasho kumtoka.

Ugomvi wetu ulianza siku niliyoleta ekzosi za kwanza za kununua, zile za dukani zinazokuja kwenye boksi zikiwa kamili, na bolti zake, na gasketi yake, na karatasi ya dhamana. Unaitoa kwenye boksi, unafunga, mteja anaondoka kabla chai haijapoa. Mzee Milimita aliizunguka ile ya kwanza kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka. Akasema imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuliona gari hili. Nikamwambia imetengenezwa kwa aina hii ya gari. Akasema magari hayafanani, kila moja limepigwa kivyake na barabara, na lililogongwa nyuma mwaka juzi si lile lililotoka kiwandani. Yeye kutengeneza moja humchukua siku mbili, na siku ya kwanza yote ni ya kutazama.

Nikiri kwamba mara nyingine alikuwa na haki. Kinyozi wa mtaa wa pili alijinunulia ekzosi inayong'aa, nene kama chungu, akataka tumfungie hivyo hivyo. Ilining'inia chini kiasi kwamba ilisalimiana na kila tuta. Aliporudi, Mzee Milimita aliikata sehemu tatu na kuipinda upya, na kazi ilipokwisha kilichobaki cha dukani ni stika tu. Mimi ndiye niliyetakiwa kujaza fomu ya dhamana kwamba imefungwa bila mabadiliko.

Lakini naye yamempata. Alimtengenezea meneja wetu bomba zuri ambalo mafundi wa karakana nyingine walikuja kulitazama wakiwa wamechuchumaa. Lilipita kwa kona laini hadi nyuma, likapita pia chini kabisa ya tairi la akiba. Meneja alipopata pancha akiwa safarini, aligundua kwamba tairi lake la akiba limefungiwa juu ya bomba na halitoki bila msumeno. Alirudi kwa kuomba lifti, na viatu mkononi. Mzee Milimita alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa utulivu kwamba pancha ni mambo ya idara ya matairi.

Kwa haki yake nitaje pia gari la wagonjwa la zahanati. Lilikuwa limerefushwa bodi, na sisi tukalifungia ekzosi za kununua mara mbili, kwa ushauri wangu. Mara zote mbili zilivuja kwenye maungio na moshi ukapanda ndani kwa mgonjwa. Mzee Milimita aliingia na waya wake. Huu ni mwaka wa tisa, halijarudi. Muuguzi wao alituambia kwamba sasa anaweza kusikia mapigo ya moyo ya mgonjwa gari likiwa linakwenda. Gari lililobadilishwa umbo huwezi kulinunulia bomba la boksini, na hilo nililijifunza kwake, nikiwa nimenuna.

Sasa gari langu. Bomba lake lilipasuka miaka mitatu iliyopita. Gari ni la kawaida kabisa, halijagongwa wala kurefushwa, na kwenye rafu yangu mwenyewe kulikuwa na ekzosi mbili zinazolitosha. Mzee Milimita alinikataza. Alisema, mbele ya watu, kwamba gari la mtunza stoo haliwezi kufungwa kitu cha rafuni maadamu yeye yuko hai, kwamba atanitengenezea kwa mkono wake, kwa nafasi. Akalifunga kiraka cha kopo la rangi ili nisubiri kidogo. Ananiita mwanangu, ingawa kanizidi miaka tisa tu, na mtu akikuita mwanangu mbele ya karakana nzima unamjibu nini?

Nikasubiri. Kila wiki lilikuja gari la mteja. Nikimkumbusha, ananiambia kazi yangu haitaki haraka. Niliwaomba wale mafundi sita mmoja mmoja wanifungie ya boksi siku asipokuwepo, na kila mmoja alikumbuka ana kazi mahali pengine. Gari langu linanguruma hadi jirani zangu wanajua nimefika kabla sijakata kona. Na hayo yote ningeyavumilia. Lakini mama yangu ana pumu. Moshi unaingia ndani, kwa hiyo haniruhusu hata nimfungulie mlango. Kila Jumanne ya pili kliniki anapelekwa na kaka yangu, na kaka yangu hakosi kuniuliza kama ni kweli ninafanya kazi gereji. Miaka mitatu mwanamke huyu aliyenizaa hajapanda gari langu, kwa sababu ya milimita za mtu. Nimechoka, na naomba liandikwe hivyo hivyo. Zimebaki siku nne.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika Jumatatu. Leo ni Alhamisi na inanibidi niongeze.

Jana asubuhi Mzee Milimita alikuja dirishani, akaomba kitabu cha kutolea vifaa, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko unaosomeka, ekzosi moja kamili ya boksi. Kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kusaini kitabu kile bila kuitwa mara tatu. Nilidhani ni ya mteja. Nilipotoka kwenda kunywa chai nikaliona gari langu limeinuliwa, na yeye yuko chini, na boksi limefunguliwa sakafuni.

Nilikasirika, sitaficha. Miaka mitatu nimekula moshi nikisubiri kazi ya mkono wake, na siku mbili kabla hajaondoka ananifungia kitu ambacho ningejifungia mwenyewe siku ile ile. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Mafundi wote sita walizima mashine ili wasikie vizuri. Yeye aliendelea kukaza bolti hadi ya mwisho.

Kisha akatoka chini, akajifuta mikono kidole kwa kidole, akasema kwamba la kwangu alikwisha kulipima. Akaninyooshea kidole ukutani. Waya wangu upo, msumari wa tatu kutoka dirishani, umeandikwa Mwanangu wa Stoo, na tarehe ni ya wiki ile ile lilipopasuka. Nimepita nimeinama chini yake miaka mitatu. Akasema kosa ni lake, alingoja apate siku mbili zisizo na kelele, na hazikuja. Sasa angeweza kulitengeneza, lakini bomba analolipinda yeye likipasuka linamngoja yeye, na kuanzia Jumamosi yeye hayupo. Hili la boksi mtu yeyote mwenye spana namba kumi na nne atalifungua, atachukua jingine rafuni, na mchana huo huo mama atapanda gari. Akasema mama yangu hawezi kumngoja fundi. Halafu akaenda kunywa chai yangu.

Jana jioni nilimchukua mama tukazunguka mtaa mara mbili bila sababu yoyote. Alifunga mkanda, akavuta pumzi, akasema kumbe gari hili lina redio.

Meneja ameniambia ukuta ule sasa ni wangu, niweke rafu nilizoomba. Nitaziweka nikipata nafasi.

Jambo moja lazima niliseme. Leo asubuhi niliinama nyuma ya gari langu nikalitazama bomba. Limekaa upande, kulia, kama milimita mbili. Nimewaita mafundi wote sita. Wameleta tochi, wamepima, wanasema hawaoni kitu na kwamba nimeanza kuzeeka. Mimi naliona. Na kama mimi naliona, Mzee Milimita aliliona jana akiwa chini yake, maana huyu ni mtu aliyewahi kumwita mteja arudi kutoka barabarani kwa kosa dogo kuliko hilo. Kulinyoosha kungemchukua dakika tano za kukata na kuchomelea. Nimekagua maungio yote kwa kidole. Hakuna tone hata moja la kuchomelea, ni bolti tupu, mwanzo hadi mwisho. Aliliona akaliacha, ili wengine waweze kulifungua.

Mzee wetu, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa miaka thelathini na moja ya kutuchosha. Nenda ukapumzike, ukale vizuri, ukamsumbue mkeo kwa kiasi. Tunakuombea afya na siku nyingi zisizo na kelele, zije mbili mbili. Na usiwe na wasiwasi na zile milimita mbili za kwangu. Nimewakataza wasiziguse.