Siku Ramadhani Alipofungua Injini Yake

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mbona mnaitikia kama watu waliokosa chai? Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Poni wa Ludara, yule mwanamke wa taksi ya Koboko na Arua ambaye sauti yake inafika kabla ya gari. Na Poni wangu mnamjua, ana sikoseli. Maumivu yakimshika, mifupa yote inamuuma, na lazima afike hospitali Arua aongezewe damu. Kabla sijapata gari nilikuwa nampeleka kwa boda. Jamani! Kila shimo la barabara mtoto analia, na mimi nyuma yake nalia. Ndiyo maana nilipopata gari nilisema, abiria watapanda, lakini hii ni gari ya Poni.

Basi gari ikaanza kuugua. Ukisimama, injini inatetemeka mpaka vioo vinalia. Ukipunguza mwendo, inazima. Mlimani haina nguvu kabisa. Siku moja ilizimika njiani Poni akiwa ndani ameshikwa, tukaokolewa na lori la mihogo. Nilikaa juu ya magunia nimempakata mtoto, nikasema, Mungu wangu, gari hii ikifa, na huyu je?

Nikaenda Arua kwa fundi Candia. Akapima, akasema solenoidi ya kamshafti imekufa. Ni kidude cha umeme kinachoenea kiganjani, kazi yake kupitisha oili kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali za injini, ili ivute vizuri. Tukanunua mpya, akaifunga. Nikawasha huku naimba. Wapi! Ikatetemeka vilevile.

Hapo kila mtu akawa fundi. Huyu anasema hiyo solenoidi ni feki, nunua nyingine. Yule anasema gari imerogwa. Mwingine akaniletea mnunuzi wa vyuma chakavu, wala hakuona aibu! Lakini Candia nampendea kitu kimoja: haoni haya kusema hajui. Aliniambia, "Mama, mimi bado sijui. Usinunue kitu ingine. Tutafute solenoidi yenye iko inafanya kazi kwa gari ya mtu, tujaribu na hiyo. Injini ikitulia, yako ni mbaya. Ikikataa, shida iko ndani."

Maneno mazuri, lakini nani atakubali? Madereva wetu mnawajua. Wanaamini kwamba ukitoa kitu kwenye gari nzima ukakiweka kwenye gari gonjwa, kitarudi na ugonjwa. Candia akanifuata mpaka steji ya Arua, nikazunguka nikiomba, wote wakawa na haraka.

Sasa, Ramadhani. Gari yake na yangu ni za aina moja, injini ile ile. Lakini mimi na yeye! Tulikuwa tunagombania abiria mpaka watu wanatutenganisha. Kwa hiyo yeye sikumwomba. Siku ile alikuwa wa kwanza kwenye foleni, gari karibu ijae, amebakiza mtu mmoja tu aondoke. Ndugu zangu, zamu ya steji mnaijua. Ukiipoteza, unarudi nyuma ya wote.

Alikuwa ametusikia. Akamuuliza Candia, "Ni hii gari ya kupeleka yule mtoto hospitali?" Candia akasema ndiyo. Ramadhani akawageukia abiria wake: "Shukeni, pandeni ile ya nyuma." Akafungua boneti. "Toa ya kwangu."

Nikamuuliza, na ugonjwa ukirudi nayo? Akacheka. "Ukirudi, Mama Poni, nitakula kwako kila siku mpaka gari ipone."

Haleluya! Candia akaitoa, akaifunga kwangu, nikawasha. Ikatetemeka! Nilitaka kuketi chini nilie, lakini Candia alipiga makofi. Maana sasa alijua kwamba kidude changu kipya kilikuwa kizima tangu mwanzo. Akaanza kufuata njia ya oili, akafungua boliti moja ubavuni, akachomoa kichujio kidogo kama ukucha. Kimeziba tope jeusi! Aliyekuwa na gari kabla yangu alizoea kuweka oili nzito, ile wanayosema inanyamazisha injini kuukuu. Solenoidi ilikuwa inafanya kazi yake, lakini oili haikupita.

Candia akakisafisha kichujio, akamwaga oili yote, akaweka nyepesi inayotakiwa, kisha akarudisha solenoidi ya kila mtu kwa mwenyewe. Nikawasha. Kimya! Nikafikiri haijawaka. Ramadhani akaweka mkono juu ya injini, akasema alhamdulillahi, nami nikasema asante Yesu. Halafu akasukuma gari yake mwisho wa foleni, akakaa huko akisubiri mpaka jua likazama. Hakulalamika hata kidogo. Mtu wa namna gani huyu!

Wiki iliyopita Poni alishikwa tena, vibaya kuliko siku zote. Nilimlaza kiti cha nyuma nikatoka Ludara naomba kwa sauti. Gari ilipanda milima yote, ndugu zangu, haikuzima hata mara moja! Tukafika, akapata damu. Daktari aliniambia, mama, mngechelewa tungekuwa tunaongea mengine. Poni, simama wakuone. Mnamwona? Huyo hapo!

Nawaambia ninyi mnaoomba na hamjaona jibu: mwaminini Mungu, wala msimchagulie mtu wa kumtuma. Mimi nilitazama watu wote wa steji, yule mmoja nikamruka.

Ramadhani yuko nje, Poni ndiye aliyemwalika. Amekataa kuingia, anasema nguo zake zina oili. Mchungaji, naomba ruhusa yako. Sala ya mwisho leo tusiifanyie humu ndani, tuifanyie nje alipo. Poni, tangulia, mshike mkono. Sisi tunakuja.