Nereida Matos na Folda ya Tufani

Ijumaa, tarehe 28 Februari, Nereida Matos Lobaina atakabidhi funguo za karakana yetu hapa Baracoa, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kutengeneza taipureta na feni. Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani, mkuu wa karakana wa wakati huo aliuliza nani yuko tayari kujifunza. Nereida alinyoosha mkono kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hasikilizi na alidhani wanauliza nani anataka kahawa.

Kazi yake mnaijua. Mitaani kwetu nyumba moja ina kompyuta moja, nayo ni ya bibi, ya wakwe, ya wapangaji na ya jirani aliyekuja kutazama tamthilia akasahau kuondoka. Kila wiki kinapita kifurushi cha tamthilia na mechi, flashi inatoka nyumba hii inaingia ile, na virusi vinasafiri humo humo. Siku moja mashine inakuwa nzito, picha za harusi zote zinageuka alama zisizofunguka, na mtu anatumwa mbio kumwita Nereida.

Alifika na baiskeli yake ya kijani. Kabla ya kuwasha chochote aligeuza kibodi juu chini na kuitikisa, na makombo ya mkate yalipodondoka alimtazama mwenye nyumba. Kisha aling'oa virusi, akafagia faili za muda zilizorundikana tangu enzi na enzi, akaonyesha kwamba picha za harusi hazikwenda popote, zilifichwa tu. Nimeshuhudia wanaume wenye mvi wakimkumbatia kwa hilo.

Tena alikuwa na kifua cha kutunza siri. Tarehe na saa humwambia fundi ni flashi ipi iliyoleta ugonjwa, na mara nyingi alijua ni ya nani. Wilfredo na mkewe Odalis walinuniana wiki mbili wakitupiana lawama, mwishowe wakamtaka awaamulie.

"Mimi fundi, si hakimu," aliwaambia. "Ila nyote wawili, flashi zenu nileteeni."

Mpaka leo hawajui ilikuwa ya nani, na mpaka leo wako pamoja.

Yanayofuata asingependa niyaandike. Nilimwomba ruhusa, akaguna, nami nimelihesabu guno lile kuwa ndiyo.

Nereida alikuwa na mtindo wake. Kila nyumba aliiundia folda moja kwenye skrini, mahali pa wazi, akaiita Temporal, yaani ya muda. Humo watu watupie vitu vya kupita, tamthilia zilizokwisha kutazamwa na takataka nyingine, naye akija anaimwaga yote bila kuuliza. Lakini kwa wazee wetu neno hilo lina maana nyingine: temporal ni tufani, ile inayobeba mapaa. Na kwa Bibi Zenaida Columbié, Nereida aliiunda folda hiyo wiki tatu tu baada ya tufani kubwa kupita. Bibi akaona fundi ana akili sana, amempa mahali pa kuweka mambo ya tufani. Akaweka picha za paa lililong'oka, orodha ya majirani waliolala kwake, na video ya dakika nne ya mumewe Evelio akipigilia mbao madirishani asubuhi ile kabla upepo haujafika.

Kompyuta ile haikuugua kwa mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo hatukuitwa. Katika muda huo Evelio alifariki, na simu iliyomrekodi ikafa. Sauti yake ilibaki ndani ya folda ile peke yake. Siku tulipoitwa tulikwenda wawili, Nereida na mimi. Akaimwaga folda kama kawaida yake, na pipa la taka pia.

Bibi Zenaida alikaa kitini, akatafuta, akageuka. "Mwanangu, Evelio wangu umemweka wapi?"

Ingetosha kusema ni kirusi. Mimi ningesema hivyo, na nakiri kwamba nilimkanyaga mguu ili aseme hivyo.

"Si kirusi, Bibi," Nereida alisema. "Nimemfuta mimi, kwa mkono wangu."

Bibi aliingia jikoni, tukamsikia akiosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Nereida alichomoa waya hapo hapo, maana faili iliyofutwa huwa bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alifunga kompyuta kwenye baiskeli, akaisukuma kwa miguu hadi karakana, na kwa siku tisa akaitafuta video ile kipande baada ya kipande. Kule kwa Bibi majirani walinung'unika kwamba wanakosa mwisho wa tamthilia. "Anayetaka tamthilia na aende kwake," Bibi aliwajibu.

Zilipatikana dakika mbili na nusu. Picha ilikuwa mabaka ya kijani na kijivu, lakini sauti ilikuwa nzima. Evelio anapaza sauti: "Zenaida, nimesema misumari mirefu! Hii ya kutundikia kalenda!" Halafu anacheka.

Bibi aliisikiliza akiwa amesimama. "Amenifokea hivyo miaka arobaini na sita," akasema. "Hebu irudishe nimsikie anavyokosea. Misumari ile ilikuwa mirefu."

Baada ya hapo Nereida alizunguka nyumba zake zote sitini na nne, akabadilisha jina la folda kuwa Vya Kutupa, na kila nyumba akaeleza sababu, akijitaja yeye kuwa mkosaji. Tangu hapo hakuna fundi wa karakana hii anayefuta kitu kabla mwenyewe hajakifungua na kusema kitupwe. Inatuchelewesha, tumemlalamikia kwa miaka, na tunaifuata.

Mwezi uliopita tuligawana nyumba zake. Ya Bibi Zenaida iliniangukia mimi, nikaenda kujitambulisha kama fundi wake mpya. Bibi, ambaye sasa ana miaka themanini na saba, alinipokea vizuri, akanikarimu, kisha akanikatalia.

"Wewe hujawahi kunikosea," alisema. "Siku ukinikosea sijui utaniambia nini. Nereida namjua."

Nilirudi nikamweleza Nereida, naye akaichukua tena nyumba ile, si kwa niaba ya karakana bali kwa niaba yake mwenyewe, kila Alhamisi.

Dada Nereida, ahsante kwa kila mashine uliyoiponya na kwa kutufundisha kusema tulichofanya. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usio na wa kukuita, na Alhamisi nyingi kwa Bibi Zenaida.