Salamu kwa Bibi wa Sombetini

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, mwambie mteja asubiri, hatakimbia. Leo nina mtu wa kumkumbuka, na sitaki mnisikilize nusunusu. Ni mimi Elinami, yule yule mwenye maneno mengi.

Tunamkumbuka Mwalimu Skolastika Ndesanjo wa Moshono. Mwalimu Skolastika. Alifariki mwezi uliopita na tumemzika kwao Kibosho. Mliosoma Sombetini mnamjua. Ndiye aliyekuwa akichagua hadithi za mashindano ya watoto wa shule za msingi. Alistaafu ualimu miaka mingi iliyopita, lakini kazi ya kuchagua hadithi hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Hadithi isiyopita kwake haikupanda jukwaani.

Mwalimu alikuwa na sharti moja. Moja tu, lakini gumu. Hadithi lazima uwe umepewa na mtu mzima wa nyumbani kwenu. Siyo kitabu, siyo simu. Bibi, babu, mama, shangazi, yeyote yule, mradi ni mtu unayeweza kumwamkia. Na alikuwa anahoji, jamani. Anahoji kama trafiki. Aliyekupa hadithi alikuwa amekaa wapi? Jikoni kulikuwa kunapikwa nini? Kuna kijana mmoja, Lucky, alileta hadithi ya kangaruu. Mwalimu akamuuliza kwa upole kabisa, bibi yako alimwona wapi kangaruu? Lucky aliwahi sana kufika nyumbani siku hiyo.

Watoto walikuwa wakienda kwake Moshono Jumamosi mchana. Wakishaingia sebuleni, Mwalimu anafunga mapazia. Kwao Kibosho bibi yake alimkataza kabisa kusimulia hadithi jua likiwa juu. Sasa mashindano ni ya shule, huwezi kuwatembeza watoto usiku. Kwa hiyo anafunga mapazia, giza kidogo linaingia, moyo wake unatulia. Majirani walizoea. Wakiona mapazia yamefungwa mchana, wanajua msimu wa hadithi umefika.

Na msimu ukiisha? Hapo ndipo penye shida, wasikilizaji wapendwa. Msimu ukiisha, nyumba ile ilikuwa kimya.

Mwalimu Skolastika alikuwa mpweke. Msibani watu walikuwa wanalisema hili chini chini, mimi nalisema hewani. Mume wake alitangulia zamani. Mtoto wake ni mmoja, Hans, yuko Kanada na mke wake na watoto. Mdogo wake, Marta, ana duka Kimandolu, na Kimandolu na Moshono siyo safari ya kubeba sanduku. Marta mwenyewe aliniambia bila kuficha: "Nilikuwa naenda Krismasi na Pasaka. Siku nyingine zote nilijiambia nitaenda kesho." Ndiyo maana Mwalimu alikuwa mgumu kumaliza kuchagua. Walimu walilalamika kwamba anachelewesha majina. Alikuwa anairefusha kazi ile kama mtu anayeongeza chai kwenye kikombe ili mgeni asiondoke.

Hata siku ya mashindano yenyewe alikuwa peke yake. Utaratibu ni kwamba kila mtoto anakuja na aliyempa hadithi. Hao ndio wanaokaa viti vya mbele. Mabibi wamevaa vizuri, mababu na fimbo zao, wanataniana, wanashikana mikono mtoto wao anaposimama. Mwalimu alikuwa anakaa mstari huo huo, mwishoni, na kiti kando yake kitupu. Marta anasema dada yake alikuwa akikiwekea mkoba wake, ili kisionekane kitupu sana.

Mwaka jana akaja binti anaitwa Namnyaki.

Namnyaki ni wa darasa la tano, anakaa Sombetini na baba yake, mzee Meitamei. Mama yake alifariki Namnyaki akiwa mdogo sana. Baba ni kibarua wa ujenzi. Anaondoka alfajiri, anarudi amechoka, anakula, analala. Jumamosi ile Namnyaki akasimama kwenye ile sebule yenye mapazia yaliyofungwa, akasimulia hadithi ya Mlima Meru.

Alisema hivi. Zamani Meru ulikuwa mzima pande zote, kama milima mingine. Lakini ulikuwa unakaa peke yake. Kila mtu alikuwa anapita kwenda kumwona dada yake Kilimanjaro, na hakuna aliyesimama. Basi Meru ukawa unachungulia upande wa mashariki, kuona kama kuna mgeni anakuja. Ukachungulia leo, ukachungulia kesho. Ukainama, ukainama, mpaka siku moja ubavu wa upande ule ukabomoka. Ndiyo maana mpaka leo upande wa mashariki uko wazi. Na mawingu yale ya asubuhi ni kitambaa, mlima unafunika uso, usionekane kwamba ulikuwa unasubiri.

Mimi nimeisikia hadithi hii kutoka kwa Namnyaki mwenyewe. Mwalimu akahoji kama kawaida yake. Nani kakupa? Bibi yangu. Alikuwa amekaa wapi? Kwenye ndoo, mlangoni. Kulikuwa kunapikwa nini? Makande, na maharage yalikuwa hayajaiva vizuri. Mtoto hakusita hata mara moja. Mwalimu akaipitisha hadithi hapo hapo, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo dogo.

Akamwambia, mpe bibi shikamoo yangu.

Sasa nisikilizeni hapa. Huku kwetu mtoto akipewa salamu, salamu lazima ifike, na jibu lazima lirudi. Ndivyo tulivyolelewa. Jumamosi iliyofuata Namnyaki akarudi na jibu. Bibi amesema marahaba, na anauliza hali. Mwalimu akafurahi. Akamwambia, mwambie mguu unanisumbua. Wiki iliyofuata jibu likarudi, bibi anasema pole, jikande na maji ya chumvi. Mwalimu akajikanda na maji ya chumvi. Akapeleka ndizi, akapeleka maziwa mgando. Asante zikarudi, moja baada ya nyingine, zimepangika vizuri.

Marta alishangaa. Dada yake, ambaye hakuwa na la kuongea zaidi ya dawa na bei ya mkaa, alianza kuzungumza habari za bibi mmoja wa Sombetini. Bibi kasema hivi, bibi kasema vile. Alimwambia Marta kwamba mwanamke aliyetunga habari ya mlima ule ni mtu aliyekaa mlangoni akisubiri hodi, na kwamba wakikutana hawatahitaji kuelezana mengi. Akanunua kitenge, vipande viwili vya sare. Kimoja akampelekea fundi amshonee. Akamwambia Marta maneno haya, na Marta alilia aliponisimulia: "Mwaka huu na mimi nitakaa na mtu."

Zikabaki siku chache kabla ya mashindano. Mwalimu akamkabidhi Namnyaki kile kitenge cha pili, akapeleke kwa bibi kishonwe haraka.

Namnyaki hakukipokea. Alishusha kikombe cha chai. Akasema, "Mwalimu, sina bibi. Mama wa baba alikufa kabla sijazaliwa. Hadithi niliitunga mimi, nikiwa nyumbani mwenyewe, nauangalia mlima."

Hakukuwa na bibi, wasikilizaji wapendwa. Kulikuwa na mtoto tu, amekaa kwenye ndoo mlangoni, makande yako jikoni kayapika yeye. Zile marahaba zote zilikuwa zake. Aliniambia alitaka kusema tangu mwanzo, ila Mwalimu alipotuma salamu aliona aibu kurudi mikono mitupu. Na kila alipoleta jibu, Mwalimu alifurahi sana, na Jumamosi iliyofuata ikawa ngumu zaidi kusema.

Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia amalize chai. Jumatatu akampigia simu mwalimu mkuu wa shule ya Namnyaki, Philemoni, akamwambia aliondoe jina la Namnyaki. Philemoni akamsihi. Akamwambia, Mwalimu, hii ndiyo hadithi ya kushinda, na kuitunga mwenyewe ni kipaji, siyo kosa. Mwalimu akajibu kwamba watoto wengine aliwarudisha nyumbani kwa kosa hilo hilo, na wao pia walilia.

Mimi ningeipitisha. Nasema wazi, ningeipitisha hadithi ile na sharti ningelitupa huko. Lakini mimi siyo Mwalimu Skolastika. Yeye alikuwa ameumizwa na jambo lile kuliko mtu yeyote, na nadhani hakutaka ionekane kwamba anahukumu kwa maumivu au anasamehe kwa maumivu. Marta anasema jioni ile alipompigia simu, dada yake alisema tu, "Nilikuwa napeleka shikamoo kwa mtu ambaye hayupo." Kisha akaaga, akakata.

Siku ya mashindano ikafika. Mwalimu akaenda, kavaa kitenge chake. Kazi ni kazi. Akakaa mwishoni mwa mstari, akaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni. Mtoto wa kwanza akasimulia, wa pili akasimulia. Katikati ya hadithi ya tatu kuna mtu akasimama mbele yake na sare za shule. Alikuwa Namnyaki. Hakuwa na hadithi ya kusimulia siku ile. Hakuna aliyemwita.

Akainama kidogo, akasema shikamoo. Mwalimu akamtazama. Philemoni alikuwa jirani, na anasema Mwalimu alichelewa kuitikia, akachelewa sana, mpaka yeye mwenyewe akaanza kutokwa jasho. Kisha Mwalimu akasema marahaba. Akautoa mkoba kwenye kiti, akauweka mapajani.

Shule ile haikupata kitu mwaka jana, niseme ukweli. Philemoni bado inamuuma.

Msimu ukaisha. Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakuwa na mgeni wa kumtarajia, na hodi ikapigwa. Namnyaki. Mwalimu akamuuliza amefuata nini, majina yameshapita. Mtoto akasema amekuja kuamkia tu. Majirani wa Moshono wakaona mapazia yamefungwa mchana, na msimu umeisha. Wakauliza kulikoni.

Kulikoni ni kwamba Mwalimu Skolastika, aliyesikiliza hadithi za watoto wa watu maisha yake yote, alianza kusimulia za kwake. Hans hajawahi kuzisikia. Aliniambia hivyo mwenyewe, mtu mzima, ana mvi. Alipokuwa mdogo mama alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na alipokua akaondoka. Na kila alipopiga simu kutoka Kanada, mama alisema nyumba imejaa wageni. "Nilimwamini," Hans alisema. "Ilikuwa rahisi kumwamini."

Jumamosi zikaenda. Wakati mwingine mzee Meitamei akikosa kibarua alikuja naye, anakaa barazani, anakunywa chai, haongei. Mwaka huu Mwalimu akaanza kuugua. Moyo, madaktari walisema. Hakuchagua hadithi za mwaka huu. Alifariki asubuhi, hospitalini, Marta akiwa njiani kutoka Kimandolu. Marta alichelewa. Naye ameomba niliseme hilo, nami nalisema.

Mchagga akifa analala kwao, mnajua. Tulikwenda Kibosho kwa mabasi ya msiba. Mzee Meitamei aliacha kibarua siku ile, akampandisha binti yake basi, wakakaa nyuma kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo, migomba inadondosha maji. Padre akamaliza. Mwongozaji akachukua kipaza sauti, akaanza kuita watu waweke mashada. Akaita mtoto wa marehemu. Hans akaenda, peke yake. Akaita ndugu wa marehemu. Marta akaenda, akashikwa mikono.

Kisha akaita wajukuu.

Hakuna aliyetoka. Wajukuu wako Kanada, shule zilikuwa hazijafungwa, na tiketi za watu wote ni ghali. Hans akaangalia chini. Mwongozaji akaita tena, wajukuu wa marehemu, kama wapo. Watu tulitazamana. Shada lilikuwa mkononi mwa mama mmoja wa jumuiya, hajui alipeleke wapi.

Nyuma ya umati watu wakaanza kupisha. Namnyaki alikuwa anapita na viatu vimejaa udongo. Baba yake hakumtuma, nilimuuliza. Mwongozaji, mtu wa Kibosho anayeijua familia ile yote, akamwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, wewe ni nani, mwanangu. Kipaza sauti kilikuwa wazi, tulisikia sote.

"Mimi ni mjukuu," akasema.

Hans ndiye aliyelichukua lile shada kwa yule mama, akamkabidhi.

Wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri. Nauliza tu. Katika nyumba unayoijua wewe, nani anasema wageni wamejaa, na wewe unaamini kwa sababu ni rahisi kuamini? Usinijibu mimi. Kama hayuko mbali, funga duka mapema leo uende. Kama yuko mbali, piga simu, na akikwambia hajambo, usikate haraka.

Kwa niaba ya wote hapa studio, tunatoa pole kwa familia ya Mwalimu Skolastika Ndesanjo. Pole kwa mtoto wake, Hans. Pole kwa mdogo wake, Marta. Pole kwa wajukuu walioko Kanada. Na pole kwa mjukuu wake wa Sombetini, Namnyaki Meitamei.