Waipa za Olda

Ndani ya basi la kwenda stesheni, mjini Mladá Boleslav, Ucheki, jirani yangu Bi Vlasta alipakata waipa mbili kuukuu za gari. Mzee mmoja wa kiti cha pili, asiyemjua, alishindwa kunyamaza.

"Mama, hizo si za Škoda ya zamani?"

"Za marehemu mume wangu, Olda. Kila alipoegesha gari alizichomoa zisiibwe, akazipandisha mpaka jikoni."

"Sote tulifanya hivyo, enzi zile vipuri vilipokuwa adimu!"

"Yeye aliendelea mpaka mwaka jana. Wezi wenyewe walishazeeka! Nilimcheka, nikamwambia zinanichafulia meza."

Nikatazama pembeni. Kicheko hicho nilikisikia miaka mingi kupitia ukutani.

"Na gari?"

"Nimeliuza juzi. Hizi zilibaki juu ya friji. Mnunuzi ananisubiri stesheni."

"Basi mpe."

"Nitamwambia sikuziona."

"We mama! Mvua ikimkuta njiani?"

"Asimame kando, angoje ipite."

"Una roho ngumu."

"Ningekuwa nayo, ningelala usiku."

Mvua ikaanza. Dereva akawasha waipa zake, na wale wawili wakazitazama zikienda na kurudi.

Stesheni abiria wengine sote tulishuka. Bi Vlasta hakuinuka; alizikumbatia waipa zake, macho dirishani.