Msalaba Uliochongwa Uso Mpya

Benchi la Funguo ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi, nje ya duka lake la kuchonga funguo, na asubuhi ile lilikuwa na watu wake wa kila siku. Funguo mwenyewe alikuwa mlangoni na tupa mkononi. Redio, kinyozi wa jirani, ambaye humaliza habari za mtaa kabla hajamaliza kichwa cha mteja, alikwisha kunywa kikombe cha pili. Shangazi, muuza kahawa, aliitwa hivyo hata na watu waliomzidi umri. Na Makumbusho, mtunza stoo mstaafu, alikaa pembeni na sanduku la misalaba magotini. Alikuwa na misalaba ya shaba, ya mbao, ya mfupa, mingine imekatika mkono, na kila mmoja angekueleza umri wake na safari zake mpaka ukaomba ruhusa uondoke. Siku hiyo alileta msalaba unaong'aa, na hakuwa na raha.

Msalaba wenyewe aliuokoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ndani ya ndoo ya koki mbovu. Ulikuwa mweusi tititi, na pale penye uso wa Kristo pamelika hata pakawa kijishimo laini. Mtu anayejua vitu vya kale angeuacha hivyo hivyo, na Makumbusho alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria wenzake kwamba uchafu wa kitu cha kale ndio cheti chake cha kuzaliwa: ule weusi ulioshika mikunjoni, kikuku cha juu kilicholiwa na kamba, mikwaruzo ya tupa kwa nyuma, mikono isiyolingana kwa kuwa shaba ilimiminwa kwenye mchanga. Lakini mwaka jana, kwenye maonyesho ya vitu vya kale pale parokiani, kamati ililiweka sanduku lake nyuma ya mlango, chini ya miavuli, na mgeni mmoja akauliza kama ni takataka za kutupwa. Neno lile lilimkaa rohoni. Mwaka huu akaapa atawekwa meza ya mbele. Akausugua msalaba kwa ndimu na jivu, akaupeleka kwa sonara, shimo likajazwa, uso mpya ukachongwa, na nyuma pakapigwa msasa. Kamati ilikuwa ipite mchana huo huo kuchagua.

Sasa tangu alfajiri, alipoutazama penye mwanga, moyo ulikuwa unamsuta. Aliugeuza nyuma, hakuona mkwaruzo hata mmoja. Ulikuwa msalaba mzuri ambao hata yeye hakuweza kuusemea lolote. Na badala ya kunyamaza na majuto yake, akaliuliza benchi.

— Mnaonaje, huu ni wa lini?

Funguo alivaa miwani, akaupima kwa kucha.

— Huu si msalaba, alisema. Ni ufunguo. Tazama huku chini palivyochongoka. Liko kabati la kanisa mahali fulani, halijafunguliwa mpaka leo.

— Kwako wewe hata kijiko ni ufunguo, Shangazi akasema.

Redio akauchukua, akaunusa, akatangaza kwamba umetoka majini. Meli ilizama, mabaharia wakafa, msalaba ukabaki.

— Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Huu umeundwa. Kwa hiyo uliwahi kuelea.

— Shaba ielee? Funguo akauliza.

— Shaba ya zamani ilikuwa nyepesi. Hii ya sasa wanachanganya.

Funguo hakukubali kushindwa barazani kwake. Akaongeza kwamba ufunguo ule ni nusu tu. Nusu nyingine alitoroka nayo mtunza kanisa, na ndani ya kabati mna mifupa ya mtu aliyeijua siri. Redio akaona amezidiwa kwa mifupa, naye akatoa mamba. Alikuwapo padri mmoja, alisema, akivuka mto, mamba akammeza mzima mzima. Walipompasua mamba wakaukuta msalaba tumboni.

— Ndiyo maana unang'aa. Tumbo la mamba limeusugua. Na padri alikuwa ameuvaa ndani ya kanzu, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako.

— Methali hiyo haina mamba, Funguo akasema.

— Mamba yumo. Wewe tu humwoni.

Walicheka wote isipokuwa Makumbusho. Siku za nyuma angemfunga Redio mdomo kwa kuugeuza msalaba na kumwonyesha alama moja tu: huyu hapa fundi wake, hii hapa tupa yake, kaa kimya. Sasa hakuwa na cha kuonyesha. Mamba wa Redio alikuwa na haki sawa na ukweli, na aliyempa haki hiyo ni Makumbusho mwenyewe. Iliuma.

Shangazi alimmiminia kahawa bila kuombwa.

— Wiki ile ulipotuonyesha ulikuwa mzuri kuliko sasa, alimwambia kwa sauti ya chini. Ukiushika, kidole kilijua pa kukaa.

Makumbusho alikipokea kikombe. Alikuwa anakipuliza kikombe alipofika mwanamke mmoja wa makamo, amevaa aproni ya kazi chini ya koti, na viatu vyenye vumbi la kutembea sana. Aliwaamkia shikamoo, wakaitika, akaulizia mzee wa misalaba. Mnunuzi wa vyuma ndiye aliyemwelekeza.

Habari yake ilikuwa fupi. Mama yake alilazwa hospitali, na huku nyuma mdogo wake wa kiume akataka kumpakia mama rangi chumbani, kwa nia njema kabisa. Kila kilichofanana na chuma kibovu alikikusanya kwenye ndoo, akakiuza. Mama aliporudi aliuliza msalaba wake. Hakumgombeza mtu. Ila tangu siku hiyo, ukimkalia karibu wakati wa sala, unamwona kidole gumba kinasugua shuka.

— Nikiuona tu nitaujua, mwanamke akasema.

Makumbusho alifungua sanduku, akauweka na ule unaong'aa humo humo. Mwanamke alichambua mmoja mmoja. Aliushika unaong'aa, akaugeuza, akauweka kando pamoja na mingine.

— Si huu. Wa mama ni mweusi, halafu hauna uso. Bibi aliusugua kwa kidole akisali mpaka akafa, mama naye akapokea. Hapa katikati pamebonyea.

Funguo akaikagua tupa yake. Wote waliujua, maana wote walikuwa wameushika kabla haujaoshwa, lakini hakuna aliyesema, walimwachia mwenyewe. Na Makumbusho aliona wazi kwamba kinachotakiwa ni kufunga sanduku tu. Mwanamke angeshukuru, angeondoka, kamati ingekuja, meza ya mbele ingekuwa yake. Tusimpambe mtu: wazo hilo lilimjia, na alikaa nalo kidogo.

— Mwanangu, alisema hatimaye. Ni huo uliouweka kando.

Mwanamke alimtazama asielewe.

— Lile shimo nililijaza mimi. Nilijua ni kazi ya kidole cha mtu, si ubovu. Nilijua, na bado nikaliziba. Nilitaka watu wausifu.

Akamgeukia Funguo kwa haraka, akauliza kama ile shaba iliyozibwa haiwezi kutolewa. Alijua jibu, lakini aliuliza kama mtu anayemwomba daktari aseme vingine.

— Kuchimba nitachimba, Funguo akasema polepole. Ila nitatoa shimo la tupa. La kidole siliwezi.

Mwanamke hakupiga kelele, na Makumbusho alitamani apige. Aliuchukua msalaba tena, akaweka gumba lake juu ya uso mpya, kwenye pua na nyusi zilizochongwa vizuri, akalisogeza huku na huku likitafuta pa kutulia. Halikutulia.

— Mama haoni, alisema. Macho yalishakwenda. Vitu vyake anavijua kwa kushika tu.

Akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

— Sasa nikimwekea huu mkononi, atajuaje kuwa ni wake?

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa machicha matupu. Makumbusho alisogea, akampisha mgeni. Mwanamke akakaa mwisho wa benchi, msalaba mapajani, akawasubiri kwa adabu, kwa kuwa tangu utotoni alifundishwa kwamba wazee wakiulizwa hujibu.