Gramu na Huzuni: Tunamuaga Bi Kipimo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Kipimo anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya takwimu za afya kwa miaka thelathini na mmoja.

Jina hilo alipewa na mpishi wetu wa chai. Asubuhi moja alijisifu kuwa chai ya leo imeizidi ya jana, na bibi huyu akamuuliza kwa utulivu, "Kwa kipimo gani?" Ofisi ikaangua kicheko, jina likamganda.

Alianza kama karani wa kuingiza data kwenye chumba cha nyuma, chini ya feni iliyopiga kelele kuliko upepo. Akasoma huku anafanya kazi, akapanda hadi mtakwimu mkuu. Aliowafundisha regresheni, ile hesabu ya kukadiria jambo moja linavyoathiri jingine, wametapakaa kila kona. Lakini kumuaga bila kuutaja ule mwaka mgumu kungekuwa kumpunja.

Tulikuwa na mradi wa wauguzi waliowatembelea kina mama waliojifungua. Muuguzi alimpima mtoto, kisha akakaa na mama wakazungumza. Ofisi ya juu ikaandaa modeli mbili za hesabu: moja ya uzito wa mtoto, nyingine ya huzuni ya mama. Ziara ziliongeza gramu mia moja na arobaini, zikapunguza huzuni kwa alama mbili za dodoso. Wakubwa wakaziweka namba hizo bega kwa bega, wakaona mazungumzo ni kupoteza muda, wakayafuta.

Miezi michache baadaye mdogo wake Bi Kipimo, aliyemlea tangu mama yao afariki, alijifungua binti. Muuguzi alikuja, akapima, akaondoka. Mtoto alinenepa vizuri. Mama mtu alizidi kunyamaza, na kabla mtoto hajajua kukaa, akajitoa uhai.

Baada ya mazishi Bi Kipimo alirudi kazini, akaifungua data ile. Alionyesha kwamba gramu na alama za huzuni hazipimwi kwa mizani moja: watoto hutofautiana kwa mamia ya gramu, mama zao kwa alama chache tu. Kila athari ikilinganishwa na mtawanyiko wa kipimo chake, ile ya kina mama haikuwa ndogo hata kidogo. Ilielekea hata kuizidi ya watoto.

Tulimsihi aandike kuwa imeizidi, ubishi uishe. Akakataa. Kwa kuwa familia zilikuwa zile zile, alizikadiria modeli zote mbili kwa pamoja, akaipima tofauti ya athari hizo mbili, akakuta ni finyu mno kuaminika. Akaandika kwamba hatujui ipi ni kubwa zaidi.

Mkuu wa idara akamwomba basi awaeleze wakubwa habari za mdogo wake.

"Mdogo wangu ni mmoja, bosi," alijibu. "Wakibadili uamuzi kwa sababu ni wangu, kesho watabadili kwa sababu ya wa mwingine. Nitawaambia kilichomo kwenye data, basi."

Kisha akaenda kunawa uso.

Mazungumzo yalirudishwa mwaka uliofuata. Sisi tulisimama tukapiga makofi. Yeye alibaki ameketi.

Binti yule alilelewa naye, na leo ni mwalimu. Jumapili wanahamia pamoja kwenye mji alikopangiwa kazi.

Asante, mama yetu, kwa kutotupatia hata siku moja jibu tulilolitamani badala ya lile lililokuwepo. Nenda salama. Afya ikuandame, na usingizi ukujie bila kubembelezwa.