Ragnfrid wa Chini ya Malori

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuyatazama malori kutoka upande ambao hakuna anayeupiga picha, Ragnfrid Tverå alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Tarehe aliichagua mwenyewe. Uongozi ulipendekeza Juni, kukiwa na jua na maua. Akajibu kwamba Juni malori yanakuwa hayajapakwa mafuta, na mtu haondoki nyumbani chungu kikiwa motoni.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kushuka kwenye shimo la gereji, kazi yake ilikuwa hivi. Kuanzia Novemba hadi Aprili sisi wa Kituo cha Barabara cha Skjelvika tunamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na watu wafike makwao. Chumvi hiyo haina shukrani. Ikishamaliza barafu inaparamia tumbo la lori lililoibeba na kuanza kulitafuna: chasisi, springi, mabomba ya breki, kila penye upenyo. Ragnfrid ndiye aliyekuwa akiizuia. Theluji ikiisha aliyaosha malori kwa chini, kiangazi akayakausha na kuyakwangua kutu, na ikifika Septemba aliingia shimoni na kuyapulizia mafuta ya sufu ya kondoo, ndani na nje ya kila mhimili, mpaka yakachuruzika.

Mafuta hayo yana harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Ragnfrid naye akawa nayo. Msusi wake alimpangia saa ya mwisho ya siku. Kondoo wa jirani walikuwa wakimsindikiza kando ya uzio hadi mlangoni kwake, na jirani alilalamika mara moja tu, kwa upole, kwamba anawachanganya.

Alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini na mmoja, kutoka karakana ya meli za uvuvi iliyokuwa imefungwa. Mkuu wa kituo wakati huo, Torgeir Nessa, alimuuliza kama kazi ya shimoni haitamchosha.

“Shimoni hakuna upepo,” alijibu Ragnfrid.

Akaajiriwa.

Sasa nifike kwenye habari ya lami, maana mwenyewe ameniomba nisiiruke.

Alipokuwa na miaka michache kazini, Ragnfrid alikutana na dawa mpya ya kutu: lami nzito, nyeusi, inayopakwa mara moja na kukaa miaka kumi. Aliipenda. Alimshawishi Torgeir, akawashawishi mafundi, akanishawishi na mimi, Oddny wa breki, ingawa hakuna aliyeniuliza. Aliyekataa ni mmoja tu, Halvdan Skjevik, dereva wa lori namba mbili, mtu aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu pamoja na supu.

“Lori langu mnalivisha koti la mpira,” alisema. “Litatoka jasho.”

“Lori halitoki jasho, Halvdan.”

“Haya, Bi Lami. Wewe vaa koti la mpira mwezi wa Julai, kisha uje unisimulie.”

Ragnfrid aliyapaka malori yote saba. Yalipendeza mno. Torgeir alileta wageni kutoka wilayani, akawashusha shimoni na viatu vyao vizuri, wakatazama juu na kusema kwamba kweli ni meusi. Palikuwa na keki. Jina la Bi Lami likamkaa.

Majira ya baridi ya tatu baada ya hapo, Februari, dhoruba ilishuka na malori yakatoka yote isipokuwa namba tano, lililokuwa na bomba linalovuja. Ragnfrid alikuwa chini yake akifunga bomba hilo, nyundo ikamponyoka ikagonga chasisi. Nilikuwa kwenye meza yangu ya breki, nikausikia mlio. Chuma kikigongwa hulia. Hiki kilisema puu, kama mkate uliolowa.

Akachukua bisibisi, akaisukuma. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Lami ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba, maji ya chumvi yakapenya, na yalipotaka kutoka hayakupata njia. Kwa nje chasisi iling'aa vilevile kama siku ya keki. Kwa ndani kilibaki kidogo sana cha kuitwa chuma.

Kuyaita malori kulikuwa na maana ya kufunga barabara ya mlima wa Gråheia katikati ya dhoruba, na kumwambia kila mtu ni nani aliyesababisha. Kunyamaza hadi jioni kungekuwa rahisi zaidi. Huenda yangerudi salama, kama yalivyorudi jana yake. Nilimwona akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akapanda ngazi kwenda kwa Torgeir, nami nikamfuata.

“Yaite yote yarudi polepole,” alisema. “La Halvdan lisirudi. Lisimame hapohapo lilipo. Lake ndilo lenye tangi kubwa la chumvi, na mteremko ule ni mkali.”

“Kuna nini?”

“Nimeyaharibu. Yameoza chini ya lami.”

Torgeir akampa redio ya upepo.

“Halvdan, simama.”

“Nani huyo? Bi Lami? Dada yangu, niko juu Gråheia, theluji imefika dirishani, nyuma yangu kuna msururu wa magari. Unataka nisimame nichume maua?”

“Simama. Chasisi imeoza.”

Redio ikakoroma.

“Nilikwambia litatoka jasho.”

“Uliniambia. Nami sikusikia. Sasa simama, tafadhali.”

Halvdan hakuwa amemtii mtu tangu atoke jeshini, lakini alisimama. Nadhani ni ile tafadhali. Akashuka, na ili kuwaonyesha wenye magari kwamba lori lake ni zima na wenye wasiwasi ni watu wa gereji, akalipiga teke gurudumu la nyuma.

“Kituo,” alisema kwenye redio baada ya kitambo, kwa sauti nyingine kabisa. “Lori limekaa.”

“Limekaaje?” aliuliza Torgeir.

“Limekaa chini, Torgeir. Kama ng'ombe.”

Chasisi ilikuwa imekatika nyuma ya kibanda, na tangi lote la chumvi likashuka barabarani taratibu, bila kumgusa mtu. Mbele yake palikuwa na kona ya Kvernsvingen, ambako chini ya ukingo ni ziwa. Ragnfrid aliisikia habari hiyo akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Wasafiri walipelekwa kwenye nyumba ya wageni ya mlimani hadi barabara ilipofunguliwa, na hatukupata lawama ila moja, ya supu, iliyotoka kwa Halvdan.

Ragnfrid aliomba kuacha kazi. Torgeir alikataa, akisema lami haiwezi kujibandua yenyewe. Kwa hiyo kiangazi kizima alilala chali shimoni akiikwangua, kipande kwa kipande, na aliyekuwa akimshikia taa ni Halvdan, ambaye hakuwa na lori la kuendesha. Alijitolea mwenyewe. Alisema anataka kuhakikisha kwamba Ragnfrid anateseka. Hadi Julai tuliwasikia wakigombana. Agosti hatukusikia kitu, tukaingiwa na wasiwasi. Septemba wakayapulizia malori mafuta ya sufu pamoja, kama walivyofanya kila vuli baadaye. Oktoba wakafunga ndoa, na kanisa zima likanuka kondoo kutoka pande zote mbili za madhabahu.

Tangu hapo Ragnfrid hakuacha vuli ipite bila mafuta, wala wiki ipite bila kuzunguka na nyundo akisikiliza. Hakuna lori letu lililokataliwa kwa kutu kwenye ukaguzi wa serikali mpaka leo. Vituo vingine vilimwita awafundishe, na kila mahali alianza hivi: “Naitwa Ragnfrid. Niliozesha malori saba.” Walipomuuliza ni lami ya kampuni gani, hakuitaja. Alisema lami haikujipaka.

Halvdan alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Septemba. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Jumatatu tulimkuta Ragnfrid shimoni, bomba la kupulizia mafuta mkononi. Nikamwambia aende akapumzike, malori yatasubiri.

“Nyumbani kunanuka sabuni tu sasa, Oddny,” alisema.

Sikumwambia tena. Msimu ule kila mmoja wetu aligundua kuwa ana kazi ya kufanya karibu na shimo, hata mhasibu.

Kwenye hafla ya kumuaga tulikula nyama ya kondoo na kabichi, kama ilivyo desturi ya vuli, na mkuu wetu wa sasa, Ingvild Brekketo, akasoma hotuba nzuri na kumkaribisha Ragnfrid ajibu. Aliinuka. Nje theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka. Aliitazama kidogo.

“Asanteni kwa chakula,” alisema. “Namba nne nimelipaka leo asubuhi. Bado linachuruzika. Msilitoe kabla ya Jumatatu.”

Akaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba.

Jumamosi theluji ilimwagika kama haijawahi kumwagika Novemba, simu zikapigwa, na dereva wa namba nne alikuwa tayari na buti zake miguuni. Ufunguo ulining'inia msumarini, mbele ya macho yetu sote. Tulifanya kazi kwa malori sita, tukachelewa, tukatukanwa na watu wa Gråheia, na ufunguo haukuguswa.

Ragnfrid, namba nne lilitoka Jumatatu asubuhi, kavu. Asante kwa kila kitu. Tunakutakia siku nyingi na njema huku juu, kwenye upepo, pamoja na sisi wengine.